Kutoka Wasini hadi Mafia: shajara ya bahari iliyopata joto

Jumatatu, Shimoni na Wasini

Tuliposhuka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, maji yalikuwa yanajaa na bahari imelala. Kaskazi imekata, kusi haijashika. Wasafiri wanaipenda tangambili hii, maana chombo hakirushwi na mtu anaona chini hadi mita nyingi. Kwa matumbawe ndizo wiki za hatari. Upepo ukikosekana, maji ya juu hayachanganyiki na ya chini, jua linapenya moja kwa moja, na joto lililojikusanya tangu Januari linabaki palepale juu ya mwamba. Ile miaka mibaya ya pwani yetu, 1998, 2016 na 2024, joto lilipanda kileleni katika miezi hii ya Machi na Aprili.

Nimesafiri na mtafiti aliyefunga vipimajoto vidogo miambani mwaka jana. Sasa anavitoa na kufunga vingine. Kila kimoja kimekuwa kikiandika joto la maji usiku na mchana bila mtu kukigusa. Njia yetu ni Kisite, Tanga, Misali, Chumbe, halafu Mafia. Mimi naandika na kuuliza. Swali nililotoka nalo nyumbani ni hili: mwamba ukishaungua, unapata muda gani wa kupona kabla joto halijarudi, na muda huo unatumiwaje?

Hifadhi ya Bahari ya Kisite iko kusini mwa kisiwa cha Wasini, na ilitangazwa miaka ya 1970. Nahodha wetu alitumbukiza mkono majini kabla ya kutia nanga. "Yamezidi," akasema, wala hakuongeza neno. Mita tatu chini, kipimajoto cha mkononi kilisoma nyuzijoto 30.3.

Upande wa kina kifupi, matumbawe ya matawi yalikuwa na ncha nyeupe kabisa. Mengine yamegeuka zambarau na buluu kali inayong'aa, na wageni wa mashua ya jirani walikuwa wakiyapiga picha kwa furaha. Sikuwaharibia siku yao, lakini iliniuma. Rangi ile ni ya dhiki. Tumbawe linapopoteza kinga yake ya kawaida, mwanga hulijaa mwilini, nalo likiwa bado na nguvu hutengeneza rangi za kujikinga na jua.

Nieleze kinachotokea, maana bila hilo mengine yote hayashiki. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana, kila mmoja na kinywa chake na mikono yake midogo ya kukamatia chakula. Ndani ya nyama yao wamehifadhi vijimwani vya seli moja. Vijimwani hivyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na humpa mwenyeji wao hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Sehemu kubwa ya rangi tunayoiona mwambani ni yao. Maji yakizidi joto, vijimwani hushindwa kazi na kuanza kutoa kemikali zinazomuunguza mwenyeji, naye huvitema. Inabaki nyama isiyo na rangi, na mifupa ya chokaa inaonekana kupitia humo. Huko ndiko kupauka.

Kwa hiyo tumbawe jeupe bado liko hai. Lina njaa. Maji yakipoa mapema, vijimwani vinaweza kurejea na rangi ikarudi. Yasipopoa, wanyama wale wanakufa, na muda si muda mifupa inafunikwa na utando wa mwani. Watu wengi wakiona weupe hudhani mwamba umekwisha, wakakata tamaa wiki ileile ambayo ungehitaji kuachwa upumzike.

Jioni tulikaa Wasini na bibi mmoja wa kikundi cha akina mama wanaotunza njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Huko chini mmekuta nini?"

Mtafiti alimwambia. Bibi akaikumbuka mvua ya El Niño ya mwisho wa 1997, namna ilivyobomoa barabara, na baada yake mwamba ukawa mweupe. "Mume wangu alirudi akasema huko chini kumeingia mauti. Sisi tukadhani kuna watu wamemwaga sumu." Akauliza kama safari hii ni kama ile.

"Bado, bibi."

Mwaka ule, 1998, Bahari ya Hindi ndiyo iliyoumia kuliko zote. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalisema takriban asilimia 16 ya miamba ya matumbawe duniani iliangamia katika joto lile moja. Watu wa bibi huyu walilipata pigo hilo bila hata kuambiwa jina lake.

Jumanne, Kisite

Tumepiga mbizi ndani ya hifadhi, kisha nje ya mpaka wake, tulinganishe. Joto ni lilelile. Maji ya moto hayasomi ramani.

Samaki ndio waliotofautiana. Ndani, pono wanapita makundi kwa makundi wakikwangua mawe, na ukitulia unasikia meno yao. Changu wakubwa hawaogopi. Nje pono ni wa kuhesabu, na nyufa zimejaa wale viumbe wa miiba mirefu myeusi ambao kila aliyewahi kukanyaga mwamba bila viatu anawajua. Tim McClanahan, ambaye ameichunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, ameonyesha kinachowaleta: adui yao mkuu ni kikande. Kikande akivuliwa hadi akaisha, wenye miiba wanazaana bila kizuizi, na katika kula kwao wanaumega mwamba wenyewe.

Hilo linahusiana na joto kwa njia hii. Tumbawe likifa, mapambano ya kiwanja yanaanza. Vitoto vya matumbawe huelea majini vikitafuta jiwe gumu, safi, la kushika. Mwani nao unalitaka jiwe hilohilo. Pono, tasi na walaji wenzao wakiwepo, jiwe linabaki safi. Wasipokuwepo, mwani unatanda, na mwamba unaweza kukaa hivyo miaka na miaka. Hakuna hifadhi inayoweza kupoza bahari, lakini inaweza kuurahisishia mwamba kupona.

Na muda wenyewe unatuponyoka. Mwaka 2018 Terry Hughes na wenzake walichapisha matokeo ya kufuatilia miamba 100 sehemu mbalimbali za dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwamba ulipigwa na joto kali mara moja katika miaka 25 hadi 30. Kufikia 2016 ilikuwa takriban kila baada ya miaka sita. Hata matumbawe ya matawi, ambayo ndiyo yanayokua haraka, yanahitaji miaka 10 hadi 15 kurejea yalivyokuwa. Yale mabonge makubwa yanahitaji miongo. Nilipoandika hesabu hizo kwenye daftari nikiwa nimekaa kwenye tezi ya mashua, zilinitia hofu kuliko weupe nilioutazama jana.

Alasiri vijana wavuvi walituonyesha kitalu chao: vipande vya matumbawe vimening'inizwa kwenye fremu chini ya maji, vikikua tayari kupandwa mahali palipovunjika. Wanavisugua mwani kwa mswaki, kimoja kimoja. Nimeipenda kazi yao na nimewaambia hivyo. Lakini huko Florida, Julai 2023, maji yalichemka mpaka wahifadhi wakalazimika kuhamisha vipande vyao kutoka baharini kwenda kwenye matangi ya nchi kavu, na baadhi ya miamba iliyopandwa kwa miaka mingi ilikufa yote. Kijana mmoja aliuliza kama wao wana matangi. Hawana.

Jumatano, njiani

Lunga Lunga, Horohoro, Tanga. Mvua ya masika imetupiga njia nzima. Mtafiti anaifurahia kila tone: wingu ni kivuli, na matumbawe yanaumizwa na jua kali pamoja na joto. Wingu la wiki moja laweza kuuokoa mwamba.

Alhamisi, Tanga

Huku kidonda ni kingine. Tanga iliteswa na uvuvi wa baruti kwa miongo mingi. Mzee tuliyetoka naye kwa ngalawa alituonyesha mahali ambapo zamani, anasema, kulikuwa na matumbawe ya kusimama hadi kiunoni. Sasa ni uwanja wa vipande vilivyolala. Nilishuka. Kila wimbi linapopita juu, vipande vinabingirika kidogo. Kitoto cha tumbawe kikishika juu ya kipande kama hicho kinasagwa kabla hakijatimiza mwaka.

"Mwamba ulioungua na jua, mifupa yake inabaki imesimama," mzee alisema tukirudi. "Samaki wana pa kujificha. Huu uliopigwa baruti hauna hata mifupa."

Nakubaliana naye. Mifupa iliyosimama inaupa mwamba miaka michache ya kujaribu tena. Baruti inaipora miaka hiyo kabla hata joto halijaja.

Tanga ina jambo jingine linalohusu safari hii: silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madainosaria mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa hapa wamenasa wengi kwenye nyavu zao za kina, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Silikanti anakaa mapangoni, kina cha zaidi ya mita mia moja, kwenye maji ya baridi. Akiwa karibu na pwani hivi, ina maana maji ya baridi nayo hayako mbali. Kesho tunavuka juu yake.

Ijumaa, mkondo wa Pemba

Boti imeondoka asubuhi. Baada ya muda mfupi maji yakabadilika, kijani ikaisha, ikabaki buluu nzito. Mkondo huu una kina kinachofika takriban mita 800, ndiyo maana Pemba ni kisiwa kilichokatika kabisa na bara, tofauti na Unguja. Tumefika kabla ya sala ya Ijumaa.

Jumamosi, Misali

Siku hii nimeingoja tangu Shimoni.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi mwa Pemba. Hakina kijiji, ila wavuvi hupiga kambi. Upande mmoja wa mwamba umetengwa usivuliwe, na huko ndiko tuliposhuka. Mita tatu: nyuzijoto 29.8. Matumbawe ya matawi yamefifia, meupe ni machache. Tulishuka taratibu kwenye ukingo, na mahali fulani baada ya mita kumi na tano nikahisi baridi usoni ghafla, juu ya mdomo pale miwani isipofunika. Kipimajoto kikasoma 27.6. Chini ya mstari ule matumbawe yalikuwa na rangi zao zote za kahawia na kijani. Niliganda pale mpaka mtafiti akanigusa bega.

Kipimajoto alichokitoa humo kina habari nzuri zaidi. Tuliisoma kwenye kompyuta tukiwa ufukweni. Mstari wa joto la mwaka mzima unapanda na kushuka kama ilivyo kawaida, lakini katika miezi ya joto unakatwa na mishuko mikali ya ghafla: saa chache za maji baridi yanayopanda kutoka kilindini, kisha joto linarudi. Kwa tumbawe lenye njaa, saa hizo ni pumzi.

McClanahan alieleza mwaka 2020 kwamba ukanda huu, kutoka kusini mwa Kenya kupita mkondo wa Pemba hadi kaskazini mwa Tanzania, ni kimbilio. Maji ya baridi ya mkondo yanapoza miamba, na matumbawe yake yamestahimili joto kuliko ya sehemu nyingine nyingi za Bahari ya Hindi magharibi. Satelaiti hailioni jambo hili sawasawa, kwa sababu inapima ngozi ya juu ya bahari tu. Ndiyo sababu ya kufunga vipimajoto hivi kwa mkono, kimoja kimoja.

Neno kimbilio lisimlaze mtu usingizi. Misali iliumia vibaya mwaka 1998, mkondo wote huu ukiwa palepale. Baridi inapunguza makali ya joto, ikizidiwa, inazidiwa. Na kimbilio hili si jangwa, maelfu ya watu wanakula kutoka humo kila siku. Kama kuna mwamba mmoja pwani yetu ambao kuuharibu kwa nyavu za kukokota ni hasara ya nchi zote mbili, basi ni huu wa mkondo wa Pemba. Huenda mbegu za kuirudishia miamba mingine uhai zikatoka hapa, maana vitoto vya matumbawe husafiri na mikondo.

Mvuvi mmoja wa makamo, aliyekuwa akisuka dema, mtego wake wa samaki, chini ya mti, alitusikiliza muda mrefu. Anakumbuka mashehe walivyokuja miaka ile ya mwanzo wa hifadhi, wakafundisha kutoka Qurani kwamba mwanadamu amekabidhiwa viumbe kama amana. "Sheria ya serikali nilikuwa naikwepa," alisema. "Ile ya amana sikujua niikwepe vipi." Anauliza kwa nini amana ilindwe na yeye mwenye mtumbwi peke yake, ilhali joto linatoka kwa wenye viwanda. Mtafiti alimwambia ukweli: joto hili linatokana zaidi na makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani kote, na hakuna anachoweza kufanya mvuvi wa Pemba kulizima. Mvuvi akatikisa kichwa, akaendelea na dema lake. Hakuwa amekasirika. Mimi nilikuwa nimekasirika.

Jumapili, kusini mwa Pemba

Mapumziko ya kupiga mbizi. Maji yamekupwa sana, ni bamvua, na wanawake wametapakaa mwambani na vijiti vyao wakichokoa pweza. Wengine wako kwenye mashamba ya mwani.

Joto halikuwaacha hawa pia. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi mno ni wanawake. Aina yenye bei nzuri, kotoni, haivumilii maji ya moto ya kina kifupi. Inakuwa nyeupe kwenye matawi, inalegea, inakatika. Dada mmoja alituonyesha kamba zake tupu. Ameacha kotoni miaka mingi sasa, analima ile ya bei ya chini. Shamba la kotoni lingehamia kina kirefu, lakini huko kunahitaji mtumbwi na kujua kuogelea. Mtumbwi ni wa mume, na kuogelea hakufundishwa. Kila mtu anayezungumzia athari za bahari kupata joto angefaa asimame saa moja kwenye shamba hili aone zinavyomfikia mtu.

Tuliuliza kuhusu kufunga mwamba kwa ajili ya pweza, jambo ambalo vijiji kadhaa vya Pemba, Kisiwa Panza kikiwemo, vimelijaribu. Kamati inafunga sehemu kwa miezi michache, pweza anakua haraka, siku ya kufungua watu wanavuna wakubwa. Wenyeji wetu wanalipenda, ila wana ugomvi wao: siku ya kufungua wanakuja wavuvi wenye miwani na mitumbwi kutoka mbali, wakamaliza asubuhi moja walichokilinda wanawake miezi mitatu. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba hatakubali kufunga tena mpaka siku ya kwanza ya kuvuna iwe ya wenye kuchokoa kwa miguu. Naona ana haki. Anayelinda asipokula, hatalinda mara ya pili.

Jumatatu, Unguja

Feri, Malindi ya Unguja, mvua. Jioni tumesoma takwimu. Tarehe 15 Aprili 2024 shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya miamba, walitangaza upaukaji wa nne wa dunia nzima. Ule wa kwanza ulikuwa 1998, kisha 2010, kisha ule mrefu wa 2014 hadi 2017. Huu wa nne ulianza Januari 2023, na kufikia 2025 joto la kiwango cha kupausha lilikuwa limegusa takriban asilimia 84 ya eneo la miamba ya matumbawe duniani.

NOAA wana namna yao ya kuhesabu joto. Wanachukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali fulani. Maji yakikaa nyuzijoto moja juu ya hapo kwa wiki moja, wanahesabu moja. Jumla ikifika nne katika miezi mitatu, tegemea kupauka. Ikifika nane, tegemea vifo. Baada ya bahari za 2023 walilazimika kuongeza madaraja mapya ya tahadhari, kwa sababu la juu kabisa lililokuwepo halikutosha.

Jumanne, Chumbe

Mwamba wa magharibi mwa Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja, umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na hifadhi hii ndiyo ya kwanza duniani kusimamiwa na watu binafsi. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi. Aina za matumbawe magumu zilizoonekana hapa zinakaribia 200, karibu kila aina inayojulikana Afrika Mashariki. Ulipauka 2016, ukapauka tena 2024. Leo nimeona matawi machanga ya urefu wa kidole yameshika juu ya mifupa ya zamani, mengi kuliko nilivyotarajia, na jiwe kati yao ni safi. Mlinzi aliyetuongoza anawajua pono wake kwa kundi na kwa saa wanazopita.

Kuna bonge kubwa la mviringo hapa, refu kuliko mtu, limepauka kidogo tu utosini. Matumbawe ya namna hii hukua kama sentimita moja kwa mwaka na huishi karne kadhaa, na mifupa yake hutunza kumbukumbu ya joto la maji mwaka kwa mwaka. Huko Malindi ya Kenya wanasayansi walitoboa bonge moja wakapata historia ya bahari kuanzia 1801 hadi 1994, na ikaonyesha bahari ikizidi kupata joto katika karne zile mbili. Niliweka kiganja karibu nalo bila kuligusa. Lilikuwepo kabla ya babu yangu kuzaliwa, na lilijenga mwili wake katika maji ambayo hayapo tena.

Jumatano, Nyamisati

Dar es Salaam, barabara ya kusini, boti ya Kilindoni, bandari ya Mafia. Maji ya delta ya Rufiji ni ya rangi ya udongo hadi mbali. Tope likizidi linaua matumbawe kwa kuyafunika. Likiwa la wastani linayapa kivuli, na katika miaka ya joto miamba yenye maji ya ukungu imewahi kunusurika kuliko ile ya maji maangavu.

Alhamisi, ghuba ya Chole

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na ina vijiji ndani yake. Kipimajoto kimoja kimepotea na jiwe lake. Kilichobaki kinaonyesha kwamba mwaka huu maji yalikaa juu ya nyuzijoto 30 kwa siku nyingi mfululizo, bila ile mishuko ya Misali.

Ijumaa, Tutia

Tutia iko kusini mwa ghuba. Kabla ya 1998 ilisifika kwa mashamba ya matumbawe ya matawi. Yalikufa karibu yote, yakaanguka, na leo, zaidi ya miaka 25 baadaye, bado nimeogelea juu ya uwanja mpana wa vipande vilivyoota mwani. Katikati yake kuna visiwa vya uhai: vichaka vya matawi ya futi mbili, samaki wadogo wa buluu wamejazana ndani. Vingine vina ncha nyeupe. Hapa ndipo hesabu ya Kisite ilipoacha kuwa hesabu. Mwamba huu ulipewa miaka kadhaa ukaanza kurudi, ukapigwa 2016, ukaanza tena, ukapigwa 2024, na sasa umeanza tena.

Utafiti ulioongozwa na David Obura wa shirika la CORDIO la Mombasa, uliochapishwa 2021, ulipima miamba yote ya Bahari ya Hindi magharibi, kanda 11, ukakuta kila moja iko katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Na jopo la kimataifa la tabianchi lilishasema 2018 kwamba dunia ikifika nyongeza ya nyuzijoto 1.5, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90. Ikifika 2, yatabaki chini ya asilimia moja. Nusu nyuzi ndiyo tofauti kati ya kubaki na kitu na kutobaki na kitu. Nimeogelea juu ya visiwa vile vya Tutia nikijua kwamba nusu hiyo inaamuliwa mbali sana na hapa, na watu wasiowahi kumwona pono.

Jumamosi, kikao kijijini

Kamati ya kijiji ilituita tuwaambie tulichokiona. Mtafiti aliweka michoro ya joto mezani, ya Misali na ya kwao, na wazee wakaielewa haraka kuliko wasomi wengi niliowahi kuwaona wakiisoma. Mmoja aliweka kidole kwenye kilele cha mstari, akasema, "Hizi ni zile siku pweza alikuwa hakai shimoni." Wenzake wakakubali. Mtafiti akaandika.

Ubishi ulikuja kwenye pono. Vijana wanaovua usiku kwa tochi humkuta pono amelala, wanamchoma kirahisi, naye ndiye analipa ada za shule. Mwenyekiti alipendekeza pono aachwe kabisa kwa miaka miwili. Ilipigwa kelele ikakataliwa. Baada ya saa nzima wakakubaliana kidogo: tochi zisipelekwe kwenye mwamba uliopauka mpaka kusi ishike na maji yapoe, na dema za matundu madogo zitolewe humo. Ni kidogo, lakini ni wakati ule hasa ambao mwamba una njaa.

Mzee mmoja akauliza kwa nini hawakuambiwa mapema. Mtafiti alikiri kwamba utabiri upo: NOAA hutoa makadirio ya joto la bahari hadi miezi minne mbele, bure, lakini yako kwenye intaneti, kwa Kiingereza, na hakuna aliyepewa kazi ya kuyaleta hapa. Tumekubaliana yatumwe kwa ujumbe wa simu kwa katibu wa kamati kuanzia Desemba, kwa Kiswahili, na mimi nimechukua kazi ya kuyaandika.

Ombi lao la mwisho lilikuwa vipimajoto viwili vya ghuba visomwe na vijana wa kijiji wenyewe, wasisubiri wageni warudi mwaka ujao. Boti ya Nyamisati inaondoka kesho mchana. Somo linaanza saa moja asubuhi, na waliojiandikisha ni wanne, wawili kati yao ni wale wavuvi wa tochi.